Bodi Iliyotoka Tunduma

Doa lilikuwa bado jekundu, na hilo ndilo lililomsimamisha Sajenti Ferista Mbonile.

Ilikuwa saa tatu asubuhi, Alhamisi, katika chumba cha vielelezo cha kituo cha polisi Vwawa. Mbele yake, ndani ya mfuko wa nailoni uliopigwa lakiri, palikuwa na shati la bluu la Aliko, fundi wa kompyuta wa Tunduma. Mkono wa kulia wa shati, karibu na kifungo, ulikuwa na doa la ukubwa wa punje ya mahindi. Jalada lilisema ni doa linalodhaniwa kuwa damu, lipelekwe kwa mkemia. Na damu yenyewe ilidhaniwa kuwa ya mzee Hezron, mlinzi wa kiwanda cha kukoboa kahawa pale Mlowo, aliyepigwa kichwani Jumatatu usiku akafa palepale kwenye mlango wa ofisi.

Damu ya Jumatatu, ikifika Alhamisi, huwa rangi ya udongo mkavu. Ferista amefua nguo za wagonjwa na za wazazi, anajua. Hii ilikuwa inang'aa kama nyanya. Alilikunja shati ndani ya mfuko uleule, bila kugusa lakiri, akalikandamiza doa kwa kidole gumba. Likapasuka, likamenyeka kama ganda la yai.

Inspekta Josephat, mkuu wake, alichungulia mlangoni akamwuliza kama bado anafua. Alisema jalada linakwenda kwa wakili wa serikali saa nane kamili. Fundi alikamatwa jana saa nane, saa zake ishirini na nne zinaisha, na shitaka ni mauaji.

"Mauaji hayana dhamana, afande," Ferista alisema.

"Ndiyo maana tunaita mauaji."

"Akishasomewa, atakaa mahabusu miaka mingapi kabla kesi haijasikilizwa?"

Josephat alihesabu ushahidi kwa vidole. Kompyuta iliyokuwa inarekodi kamera za kiwanda ilikutwa imefunguliwa, prosesa haipo, diski haipo. Balthazar, mtunza kompyuta wa kiwanda, aliwatajia polisi aina ya prosesa iliyoibwa, i7 ya kizazi cha nane, kitu adimu huku kwetu. Wakaikuta kwenye droo ya Aliko, kule Tunduma. Na Jumatatu jioni watu wawili walimwona Aliko kwenye geti la kiwanda anaongea na mzee Hezron. Vidole vitatu. Josephat alivionyesha, kisha akaenda zake.

Ferista alitoka uani. Kwenye bomba la maji alikuwa amekaa mwanamke mwenye mimba kubwa, hotipoti na chupa ya chai mapajani. Alikuwa Tumpe, mke wa Aliko, aliyepanda gari la kwanza kutoka Tunduma. Kaunta walikuwa wamemkatalia kuingiza chakula, wakamwambia mumewe anakwenda mahakamani. Yeye akasema basi atangoja, chai ya moto haiozi.

Baada ya salamu Ferista alimwuliza mume wake anatumia kitu gani chekundu kazini. Tumpe aliinamisha uso, aibu ikamshika.

"Ni rangi ya kucha, afande. Yangu."

Akaeleza taratibu, kama mtu anayetoa ushuhuda. Aliinunua kwa ajili ya harusi. Baadaye akaokoka, na kanisani kwao kina mama hawapaki kucha. Kuitupa chupa nzima roho haikumpa, basi mumewe akaiomba. Kila bodi ya kompyuta inayoingia dukani kwake anaigeuza, anaitia nukta nyekundu kwa nyuma, halafu anachora namba kwa sindano kabla rangi haijakauka. Namba hiyohiyo anaiandika kwenye daftari. Wateja wa Tunduma ni wa nchi mbili, alisema Tumpe. Mtu anakuletea bodi mbovu, kesho anasema ulimpa mbovu ukabaki na nzima yake. Sasa yeye anaigeuza tu, wanaangalia namba pamoja.

"Mteja anajua kuna nukta?"

"Hajui. Akijua si ataifuta?"

Ferista alimwambia akae kivulini.

Daftari lilikuwamo kwenye vielelezo, limefungwa lakiri tangu jana. Alilifungua mbele ya mtunza vielelezo, wote wawili wakatia saini. Namba arobaini na moja ilikuwa ya Jumamosi: *Lucky wa Mlowo. Bodi 1151 ya kwanza, na i7 kizazi cha nane. Haziendani.* Chini yake palikuwa na tarakimu nne za mwisho za namba ya bodi, na namba ya simu. Simu hiyo polisi walikuwa wameshaifuatilia. Ilizimwa Jumanne alfajiri, na imesajiliwa kwa jina la bibi mmoja wa Nanyala ambaye hajawahi kumiliki simu. Lucky wa Mlowo hakupatikana, na Josephat akaamua hayupo.

Aliko aliletwa akiwa hana viatu, macho yamevimba kwa kukosa usingizi. Alikuwa kijana wa miaka thelathini hivi, mwembamba, na vidole vyake havikutulia hata pingu zilipofunguliwa. Ferista alimwambia hataki kusikia habari za Jumatatu kwanza. Anataka kujua neno moja tu: haziendani.

Fundi alimtazama kama mtu aliyeulizwa jambo la maana kwa mara ya kwanza tangu akamatwe. Akaanza kuchora mezani kwa kidole. Prosesa, alisema, ni kile kijibamba kama biskuti, ndiyo akili ya kompyuta. Inakaa kwenye soketi, na soketi iko kwenye bodi. Miaka ya tisini kampuni mbili kubwa zilikuwa zinashiriki soketi moja. Unanunua prosesa ya huyu unaiweka kwenye bodi ya yule, inaamka. Baadaye kila mmoja akajitengea mlango wake. Enzi hizo pini zilikuwa tumboni mwa prosesa, mamia, nyembamba kama sindano, ukiinamisha moja umelia. Mwaka 2004 kampuni moja ikazihamishia pini kwenye bodi, prosesa ikabaki na tumbo laini. Hapo ikaja soketi ya 775, ikakaa miaka. Halafu 1156, halafu 1155, halafu 1150.

"Hizo namba ni nini?"

"Idadi ya pini, afande. Lakini usidanganyike kwamba 1155 na 1156 ni majirani. Wameyahamisha na yale mapengo ya pembeni, ukilazimisha haikai. Hata kipofu akipapasa anajua hapa siyo."

"Na 1151?"

Aliko alikunja kidole. "Hiyo imetoka mara mbili."

Ya kwanza ilitoka 2015, kwa prosesa za kizazi cha sita na cha saba. Mwaka 2017 kikaja kizazi cha nane, na kampuni ikatoa bodi mpya. Soketi wakaiita 1151 ileile. Pini ni zilezile kwa idadi, pengo mahali palepale. Ila kazi ya baadhi ya pini imebadilika, hasa za umeme. Mtu anaweka ya kizazi cha nane kwenye bodi ya zamani, inaingia vizuri kabisa, anafunga kimkono chake, anawasha. Feni inazunguka. Kioo kimya.

Huyo Lucky, alisema, alimtumia bodi na prosesa kwa konda wa basi dogo, akampigia simu kuuliza kwa nini haiwaki. Alimweleza. Lucky akabisha, akasema amezihesabu pini mwenyewe. Mwisho akasema basi, bodi irudi, prosesa ibaki Tunduma itafutiwe bodi ya kizazi chake. Aliko alikuwa anakuja Vwawa Jumatatu kumwona mgonjwa, akapitiliza hadi Mlowo na boksi.

"Akaniambia nimwachie mlinzi wa kiwanda cha kahawa. Nikamwachia. Mzee akanishukuru, akaniombea safari njema. Sasa wananiambia nimemuua."

"Boksi uliliandika nini juu?"

"Jina la kiwanda. Mimi kila boksi naandika linakokwenda."

Ferista alirudia mwanzo mara mbili, na mara zote mbili hadithi ilisimama palepale. Lakini maneno ya mtuhumiwa ni maneno ya mtuhumiwa. Saa nne na nusu alikuwa kwenye kibanda cha mzee Ambwene, mtu wa Ileje aliyeanza na redio za mkulima kabla Vwawa haijawa makao makuu ya mkoa, na sasa anatengeneza kompyuta za nusu ya ofisi za mji. Hakumwambia kesi. Alimwomba tu amwonyeshe 1151 mbili.

Mzee alicheka, akasema polisi wakianza kuuliza soketi basi uhalifu umeisha nchini. Akatoa boksi la viatu lililojaa prosesa zilizokufa, akaweka bodi mbili mezani, akampa Ferista prosesa moja aiweke kwa mkono wake. Iliingia kwenye ya kwanza, ikaingia kwenye ya pili. Mkono haukusikia tofauti yoyote. Walipowasha, moja ikaleta maandishi kwenye kioo. Nyingine ikabaki inavuma bure.

"Hii imenipotezea heshima kwa mkurugenzi mzima," alisema Ambwene. "Nilimwapia itawaka."

"Baba, mtu akiiba prosesa ya kizazi cha nane, naye nyumbani ana bodi ya zamani. Ile prosesa yake ya zamani ataifanya nini?"

"Mwizi mwenye haraka ataitupa. Mwizi mwenye akili ataiweka kwenye mashine aliyoibia, isibaki mdomo wazi. Soketi si jina moja? Atasema hakuna atakayejua, mashine itakuwa nzito kidogo tu." Mzee alipuliza vumbi kwenye bodi. "Halafu anawasha, na zote mbili hazisemi. Kompyuta mbili zimekufa siku moja, na hakuna hata moja iliyoharibika."

Ferista aliyaandika maneno hayo kama yalivyotoka, mzee akasaini.

Basi, kama Aliko alisema kweli, prosesa ya kiwanda ilikuwa Tunduma na kompyuta yake imekufa tangu Jumamosi, na kamera hazikurekodi chochote siku tatu kabla ya mauaji. Lakini kwenye maelezo ya Jumanne Balthazar alisema kamera zilifanya kazi hadi Jumatatu jioni. Mmoja kati ya watu hao wawili alikuwa mwongo, na mmoja tu kati yao alikuwa ndani ya selo.

Hati ya upekuzi ilimchukua saa moja na ushee, maana mwenye kuisaini alikuwa kikaoni. Alifika Mlowo saa saba kasoro, jua limesimama, malori yamepanga foleni kwenye mizani ya mahindi. Alimchukua mwenyekiti wa kitongoji, mama Gwantwa, awe shahidi huru. Alimwomba asiseme lolote ndani, atazame tu. Mama Gwantwa akasema kutazama ndiyo kazi aliyochaguliwa.

Balthazar aliwapokea vizuri mno. Alikuwa mtu wa miaka arobaini, koti la kiwanda limepigwa pasi, sauti ya chini. Aliwaambia mwenye kiwanda yuko Mbeya kwa ajili ya jeneza la mzee Hezron, akawavutia viti kwenye chumba chake cha kazi, akawamiminia kahawa. Kwenye meza yake palikuwa na kompyuta mbili. Moja ilikuwa ile ya kamera, kava wazi, soketi tupu. Nyingine ilikuwa yake mwenyewe, inawaka, na kwenye kioo wanakwaya wa sare za zambarau walikuwa wamegandishwa, midomo wazi.

"Unakata video, baba?"

"Za kwaya, afande, na harusi. Ndiyo riziki ya pembeni."

Ferista alisema amekuja kukamilisha maelezo yake tu, yale ya Jumanne yalikuwa mafupi. Alimwuliza anaishi wapi. Nanyala, alisema Balthazar, kwa bibi yake, anakuja na kurudi. Kalamu ya Ferista haikusimama. Alimwuliza tena kuhusu kamera. Zilifanya kazi hadi Jumatatu saa kumi na mbili jioni, alizitazama mwenyewe. Na hii kompyuta yake inamtosha kwa kazi za video?

Balthazar aliguna. Ni nzito, alisema. Video moja inakula usiku kucha kutoka. Lakini ni imara. Jumamosi na Jumapili alishinda nayo hapahapa.

"Haijawahi kufunguliwa?"

"Tangu nilipoinunua Mbeya, miaka mitatu, haijaona bisibisi."

Ferista alimsomea yote aliyoyaandika, polepole. Balthazar akatikisa kichwa kukubali kila mstari, akatia saini. Ndipo Ferista alipoiweka hati ya upekuzi juu ya meza, kando ya kikombe cha kahawa ambacho hakukigusa.

Balthazar aliisoma hadi mwisho. Alitabasamu kidogo, kama mtu anayewahurumia.

"Fungueni, afande. Mtakuta i5 ya kizazi cha sita. Mnayoitafuta si mnayo tayari Vwawa?"

"Zima, uifungue mwenyewe. Ni yako."

Aliizima, akachomoa nyaya, akafungua kava kwa mikono inayojua kazi. Ndani kulikuwa na bodi yenye vumbi pande zote, isipokuwa katikati. Kuzunguka feni ya prosesa palikuwa safi, na dawa ya kupozea ilikuwa imechuruzika pembeni, nyeupe, mbichi. Mama Gwantwa alisogeza kiti mbele. Ferista aliangalia saa ya ukutani. Saa saba na dakika ishirini na tano.

"Hiyo dawa nyeupe ya lini?"

"Ile... huwa haikauki haraka."

"Sawa. Itoe bodi."

"Prosesa?"

"Bodi. Yote. Nataka kuiona kwa nyuma."

Hapo ndipo Balthazar alipoacha kutabasamu. Haikuwa hofu bado. Ilikuwa kutoelewa. Nyuma ya bodi hakuna kitu, alisema, ni risasi ya kulehemu na njia za umeme tu. Ferista akasema anapenda kuona njia za umeme. Zilikuwa skrubu tisa. Balthazar alizifungua moja moja, akiziweka kwenye kisahani cha kikombe, na kila moja ilichukua muda zaidi ya iliyotangulia. Ya nane ilimponyoka ikaviringika chini ya meza. Mama Gwantwa akainama, akaiokota, akaiweka kisahanini bila neno.

Bodi ikageuzwa.

Kwenye pembe ya chini, kati ya matone ya risasi, palikuwa na nukta nyekundu, inang'aa, ndogo kuliko kucha ya kidole kidogo. Ndani yake, zimechorwa kwa sindano, namba mbili. Ferista alimwomba mama Gwantwa azisome kwa sauti.

"Nne. Moja. Arobaini na moja."

Ferista alitoa kwenye mkoba nakala ya ukurasa wa daftari, akaiweka kando ya bodi, akamwomba asome na zile tarakimu nne za mwisho, huku na huku. Zilikuwa sawasawa.

Balthazar alisema aliinunua imeshatumika, labda ilipita Tunduma kabla yake. Sauti ilikuwa bado ya chini.

"Daftari hili linasema ilikuwa Tunduma Jumamosi hii iliyopita. Na wewe umesaini sasa hivi kwamba Jumamosi hii ulishinda nayo hapa, na bisibisi haijaiona miaka mitatu." Ferista alizungumza kama anayesoma orodha. "Bodi ilirudi Jumatatu jioni. Fundi aliiacha mkononi mwa mzee Hezron, ndani ya boksi lenye jina la kiwanda. Hezron hakuamka tena. Sasa bodi iko hapa, inakata video. Boksi alikupa nani?"

Nje, mashine ya kukoboa ilizimwa kwa mapumziko, na kimya kikaingia chumbani chote mara moja. Ferista alimkumbusha, kwa maneno yaleyale ya kitabu, kwamba halazimiki kusema lolote, na kwamba atakalosema litaandikwa na laweza kutumika mahakamani.

Balthazar alikuwa anaitazama ile nukta.

"Nilizihesabu," alisema. "Kwenye karatasi ya bodi na kwenye mtandao. Zote elfu moja mia moja hamsini na moja. Hata jina ni moja."

"Boksi, baba."

"Nilimwomba. Nikamwambia ni langu. Akasema kitu chenye jina la kiwanda anampa bosi mkononi, Jumanne asubuhi, ndivyo alivyofanya miaka yote. Bosi angelifungua angeuliza. Mashine yake imekufa, na mimi naletewa vifaa kutoka Tunduma. Nililivuta tu. Mzee akalishikilia."

Mama Gwantwa alifunika mdomo kwa ncha ya kitenge. Ferista aliandika hadi nukta ya mwisho, akauliza diski iko wapi. Balthazar alionyesha kwa kidevu, dirishani, kwenye lundo la maganda ya kahawa lililofika usawa wa paa.

Pingu zilipofungwa, Ferista alipiga simu Vwawa. Ilikuwa saa nane kasoro dakika kumi. Josephat alipokea akiwa kwenye korido ya ofisi ya wakili wa serikali, jalada mkononi, na akasikiliza bila kumkatisha, jambo ambalo hakuwa na mazoea nalo. Aliuliza kitu kimoja tu, kama kuna shahidi huru. Yupo, akasema Ferista, na amesoma namba kwa macho yake mwenyewe. Kwa upande wa pili ikasikika sauti ya karatasi inayorudishwa ndani ya bahasha.

"Na lile doa nimwandikie nini mkemia?"

"Usimwandikie kitu, afande. Ni rangi ya kucha." Ferista alibana simu begani, akaanza kujaza hati ya kukamata mali: bodi moja ya kompyuta, nukta nyekundu, namba 41. "Yule mama bado yuko pale bombani?"

"Yupo. Amekataa kuondoka."

"Mwambieni asiimwage ile chai. Mumewe atainywea nje."